Binti yangu ameniomba nisisimame tena nyuma ya pikipiki yake

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, Tanga. Nina miaka 54, na miaka 21 kati ya hiyo nimeishi hapa North Carolina, Marekani, nikiendesha malori ya mizigo. Nina mke na watoto watatu. Ninayekuandikia habari zake ni wa pili, binti wa miaka 23, anayekimbiza pikipiki katika mbio za dragi.

Kwa wasomaji wako ambao hawajaziona: pikipiki mbili husimama sambamba kwenye barabara iliyonyooka, zikasubiri taa, kisha zikafyatuka. Hapa kwetu karibu na Greensboro kuna uwanja unaoitwa Piedmont Dragway, na umbali wake ni sehemu ya nane ya maili, yaani mita 201 tu. Hakuna kona. Mwanangu humaliza kwa sekunde 6.30 hivi, na akivuka mstari huwa amepita kilomita 170 kwa saa. Yeye yuko kundi ambalo kila mshindani huandika kwanza muda anaotabiri atautumia. Mwenye pikipiki ya polepole huruhusiwa kuondoka kwanza kwa tofauti ya muda walioandika, na ukimaliza kwa kasi kuliko ulivyoandika, umejipotezea mbio mwenyewe. Hapo mwenye pesa hamtishi asiye nazo. Anayeshinda ni anayeijua pikipiki yake kama mkulima anavyolijua shamba lake, na anayeiwahi taa bila kuitangulia.

Shangazi, najivunia mtoto huyu mpaka natamani kusimamisha watu njiani niwaambie. Alianza akiwa na miaka 13, jirani yetu mzee fundi wa magari alipotuchukua Jumamosi moja kwenda kutazama. Tuliporudi hakulala. Alikaa kwenye simu akitafuta wanawake wa mchezo huo. Akamkuta Angelle Sampey wa Louisiana, aliyekuwa muuguzi, aliyechukua ubingwa wa pikipiki wa NHRA, chama kikubwa cha mbio za dragi Marekani, miaka mitatu mfululizo, 2000, 2001 na 2002. Akamkuta Peggy Llewellyn wa San Antonio, mwanamke mweusi, aliyeshinda Dallas mwaka 2007. Picha ya huyo wa pili ilikaa ukutani kwake mpaka gundi ikakauka.

Alipofika miaka 18 akaenda kufanya kazi kwenye ghala, zamu ya usiku, miaka miwili. Pesa hiyo ndiyo iliyonunua Suzuki GSX-R ya cc 1000, iliyotumika. Sikumpa hata senti. Nilichompa ni pikapu yangu, trela, na Jumamosi zangu. Ana daftari anamoandika joto la hewa, unyevu, upepo unavumia wapi, na jinsi pikipiki ilivyoitikia. Siku ya joto na unyevu anajua itachelewa, naye atabadilisha utabiri wake kabla hata mimi sijafuta jasho. Vikaratasi vya muda vinavyotolewa kila baada ya kukimbia, mimi huvihifadhi. Nina bati la biskuti limejaa, vya miaka mitatu, hakuna hata kimoja kilichopotea.

Na uwanjani nilikuwa na kazi yangu. Akishalizungusha tairi la nyuma kwenye maji mpaka lipate moto ili lishike, mimi ndiye nilikuwa namwelekeza ainyooshe pikipiki. Naangalia mkanda wa helmeti. Naangalia kama kamba ya kuzimia injini imefungwa kwenye kifundo cha mkono. Naangalia zipu ya suti ya ngozi. Halafu namgonga mgongoni mara mbili na kurudi nyuma.

Msimu huu, mbio tatu mfululizo, ametoka raundi ya kwanza kwa taa nyekundu, maana yake ameondoka kabla ya kijani. Mara ya mwisho ilikuwa kwa sehemu 8 za elfu moja ya sekunde. Usiku ule tukiwa njiani akasema, "Baba, naomba nikwambie kitu na usikasirike. Jumamosi ijayo kaa jukwaani. Atanisaidia rafiki yangu." Huyo rafiki ni msichana mwenzake wa pale uwanjani.

Sikukasirika mbele yake. Nikasema sawa. Jumamosi ile sikwenda kabisa, nikamwambia lori lina hitilafu, na hitilafu haikuwapo. Akafika nusu fainali, Shangazi. Hajawahi kufika. Akanitumia picha, nami nikajibu "hongera" na kidole gumba. Kisha nikaingia gereji nikalia, na mpaka leo sijui nilikuwa nalilia nini. Aliporudi aliweka vikaratasi vyake vinne juu ya meza ya jikoni, karibu na lile bati. Bado vipo pale. Sijavigusa.

Mke wangu anasema niliache lipite. Yeye hajawahi kukanyaga uwanjani, hukaa nyumbani na simu mkononi. Dada yangu aliyeko Tanga aliona picha moja akaniandikia kwamba nimemuuza mtoto kwa pikipiki. Mama yangu yuko Muheza, hajui lolote. Mdogo wangu wa mwisho alifariki kwa pikipiki mwaka 2011, barabara ya kwenda Segera, akiwa amebeba machungwa. Tangu hapo nyumbani kwetu pikipiki haizungumzwi. Lakini hilo ni jambo jingine.

Nitakuwa mkweli mpaka mwisho: imenijia fikra ya kumwambia kwamba pikapu sasa naihitaji Jumamosi. Naona aibu kuiandika. Je, nirudi nikasimame pale nyuma, kwa kuwa haki yangu naijua? Au nijitoe moja kwa moja?

Baba wa Greensboro

———

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na pikapu, kwa sababu hiyo ndiyo inayoweza kuharibu kitu kabla barua hii haijakufikia. Usimnyime. Usiseme unaihitaji, usiseme imeharibika, usichelewe kurudi nayo ili mlango wa uwanja ufungwe. Umeshatumia uongo wa lori mara moja, na mtoto anayeisikiliza injini ya pikipiki akajua mvua inakuja anaijua pia sauti ya baba yake anapodanganya. Ukimfungia pikapu, ataazima kwa mtu mwingine na mbio zitaendelea. Ila atakuwa amejua kwamba zile Jumamosi zote zilikuwa deni. Mimi naamini hazikuwa deni. Mpelekee funguo yeye mwenyewe mkononi, wiki hii, kabla hajaomba.

Sasa nikuambie kilichonifanya niisome barua yako mara tatu. Umeandika habari za vikaratasi, na aya nzima juu ya kazi yako pale nyuma, mpaka zipu umeitaja. Halafu mdogo wako, marehemu, umempa sentensi moja, na nyingine ya ukimya wa nyumba, ukafunga kwa kusema ni jambo jingine. Mdogo wangu, si jambo jingine. Pole sana kwa msiba huo, hata kama miaka imepita. Unamkagua mtoto mkanda, kamba, zipu, kila Jumamosi kwa miaka mitatu, na mikono inayomkagua ni ya mtu aliyempoteza ndugu yake kwa pikipiki. Wewe unadhani unampelekea mtoto fahari yako pale mstarini. Fahari ipo, sikatai, nimeiona katika kila mstari. Lakini mikononi kuna kitu kingine kinachofika kabla yake.

Mimi si mtu wa mbio, kwa hiyo kabla ya kukujibu nilimpigia mpwa wangu anayekimbiza pikipiki huko Georgia, nikamsomea barua yako bila kumtajia mji. Alinyamaza, kisha akanieleza habari za zile taa. Anasema katika kundi kama la binti yako kuna taa tatu za njano zinazowaka moja baada ya nyingine, nusu sekunde kati ya moja na inayofuata, na nusu sekunde tena mpaka kijani. Ukingoja kijani umechelewa. Unaachia klachi unapoiona njano ya mwisho, ukitegemea kwamba mpaka mkono ufunguke na pikipiki isogee, kijani itakuwa imewaka. Kwa hiyo kazi yote ya mwaka mzima inaingia ndani ya nusu sekunde moja, na ndani ya nusu sekunde hiyo mtu hawezi kufikiri. Anaweza tu kuwa ametulia au hajatulia. Sehemu 8 za elfu moja, anasema, si uzembe. Huyo ni mtu mwenye macho makali sana ambaye kuna kitu kinamharakisha kidogo mno.

Nikamuuliza, je, baba anaweza kuwa ndicho kitu hicho? Akasema wapo wanaosaidiwa na wazazi wao mpaka mvi ziwatoke, wakikosa kugongwa mgongoni wanajiona kama wamesahau helmeti. Na wapo ambao wakigeuka wakauona uso wa mzazi, vidole vinakaza kwenye klachi. Hakuna aliye mbaya kati ya hao. Taa nyekundu zina sababu nyingi, na nyingine ni za ufundi tu: kusogea mbele sana kwenye miale inayosoma tairi, au hata kubadili upepo wa tairi la mbele. Kwa hiyo sisemi wewe ndiye uliyeziwasha. Naye hakusema hivyo. Alisema, "naomba nikwambie kitu na usikasirike," akaomba Jumamosi moja ya kujaribu, kama anavyojaribu kila kitu kingine katika lile daftari lake. Amebadilisha kitu kimoja akaona jibu. Ulimlea awe hivyo.

Na alisema ukae jukwaani. Irudie sentensi yake kama ulivyoniandikia wewe mwenyewe. Hakusema usije. Wewe ndiye uliyeongeza hilo, ukabaki gereji. Yeye siku ile alikimbia raundi nne, na nina hakika katika kila raundi alitupa jicho jukwaani akakosa sura aliyokuwa anaitafuta. Halafu siku kubwa kuliko zote maishani mwake akapata neno moja na kidole gumba. Hapa nakulaumu, na nakulaumu kwa upendo. Baba anayeweka vikaratasi vya miaka mitatu hana haki ya kujibu nusu fainali kwa kidole.

Utaratibu wa kulirekebisha hauhitaji kikao cha ukoo. Keti naye, wawili tu, ikiwezekana ndani ya hiyo pikapu ikiwa imezimwa, maana humo ndimo mmezoea kuzungumza. Kwanza mwambie ukweli wa lori. Usizunguke. "Lori halikuwa na hitilafu, niliumia nikashindwa kuja." Kisha mwombe akusimulie mbio zote nne, moja moja: nani alikuwa upande wa pili, aliandika muda gani, aliona nini. Usimkatize kwa ushauri hata ukiuona. Najua itakuwasha.

Halafu mwambie habari za baba yake mdogo.

Nahisi hazijui, au anazijua kama watoto wa diaspora wanavyojua misiba ya nyumbani: jina, picha moja, mwaka. Mwambie alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, ile asubuhi ya machungwa ilikuwaje, wewe ulikuwa wapi simu ilipopigwa. Mwaka 2011 ulikuwa tayari Marekani, na sijui kama uliwahi kufika kumzika. Mwambie kwamba ukiushika mkanda wa helmeti yake unamshika na yeye. Usimwambie ili akuruhusu urudi pale nyuma. Mwambie kwa sababu kwa miaka mitatu amekuwa anahisi mikono yako inatetemeka na amejitafutia maana mwenyewe, na maana ambayo mtoto huipata kwa urahisi ni kwamba baba haniamini. Akipewa maana ya kweli atajua la kufanya nayo. Ana miaka 23, amefanya kazi usiku ghalani miaka miwili bila kukuomba senti. Anaweza kubeba msiba wa babake mdogo.

Swali lako lilikuwa kama urudi pale nyuma kwa kuwa haki yako unaijua. Mdogo wangu, pale nyuma ya pikipiki hakuna haki ya mzazi. Pale ni pa mkimbiaji na anayemchagua. Ulichaguliwa kwa misimu kadhaa, ni heshima kubwa, na inawezekana ukachaguliwa tena akiwa ametulia. Ikiwa hutachaguliwa tena, huyo rafiki yake anahitaji mtu wa kumfundisha kukagua kamba ya mkono, na hakuna anayeijua kamba hiyo kuliko wewe. Mfundishe siku ya kawaida, nyumbani kwako, kwa chai, wala si Jumamosi ya mbio.

Kuhusu dada yako: mjibu mara moja tu, kwa upole, na usibishane naye kwenye simu. Yeye pia alimpoteza mdogo wenu. Anapoona mtoto wa kaka yake juu ya pikipiki haoni Suzuki ya Greensboro, anaiona barabara ya Segera. Mweleze tofauti zilizopo bila kuzipamba. Uwanja umefungwa, hakuna lori la upande wa pili, hakuna mbuzi, hakuna abiria wa tatu wala gunia. Wote wanaelekea upande mmoja, kila mmoja kwenye njia yake, wamevaa ngozi mwili mzima, helmeti imekaguliwa, na kamba inazima injini wakitengana na pikipiki. Ingekuwa vijana wetu wa bodaboda wanapata hata nusu ya hayo, wodi zetu za mifupa zingekuwa na vitanda vya kutosha.

Lakini usimwambie hakuna hatari. Angie Smith, ambaye ni miongoni mwa wakimbiaji wakubwa wa pikipiki Marekani, alianguka vibaya sana kwa kasi kubwa mwaka 2023 akavunjika na kuchubuka, kisha akarudi kwenye mbio mwaka 2024. Binti yako analijua tukio hilo kuliko mimi na wewe. Anaijua hatari na ameikubali kwa macho yaliyofunguka, akaizungushia kila kinga inayowezekana. Ukimficha dada yako upande huo, siku mtoto akiteleza tu akachubuka kiwiko, utaitwa mwongo na mtoto ataitwa mkaidi.

Mama yenu ni suala zito zaidi. Umri wake hujautaja, na wewe ndiye unayeujua moyo wake. Ushauri wangu ni kwamba asikie kutoka kwako kabla hajasikia kutoka kwenye simu ya mjukuu mwingine, na picha zimeshaanza kuzunguka. Ungoje mtakapokwenda likizo kama safari iko karibu. Kama haiko karibu, piga simu siku dada yako yupo pale nyumbani, awe kando yake. Mtangulize marehemu. Zungumzeni habari zake kwanza, kwa kuwa nyumba iliyonyamaza tangu 2011 haiwezi kuanza kufunguliwa kwa kusema mjukuu anakimbiza pikipiki. Atalia. Mwache alie. Huenda atasema hataki, na hiyo ni haki yake kama bibi. Wala usimwombe ruhusa ambayo hukuiomba miaka mitatu iliyopita. Mwombe dua tu. Sijapata kumwona bibi wa Kibondei anayemnyima mjukuu dua, hata akiwa amenuna.

Mkeo simgusi sana. Anayekaa na simu mkononi Jumamosi nzima naye yuko mbioni kwa namna yake. Mkirudi jukwaani, wewe na bati lako, mwalike. Akikataa usimsukume.

Na sasa vile vikaratasi vinne vya mezani. Umeviona kama ushahidi kwamba mtoto anaweza bila wewe. Hebu vitazame upya. Alikuwa na begi, ana chumba, ana daftari lake mwenyewe. Angeweza kuviweka popote. Ameviweka karibu na bati, akakuachia wewe ufanye kazi ambayo hajamwomba rafiki yake aifanye. Amekubadilishia kazi moja, nyingine ameiacha palepale. Vimekaa juu ya meza siku zote hizo na kila asubuhi anavipita akienda kuchemsha chai.

Leo, kabla hujalala, viweke. Vipange kwa raundi, cha nusu fainali juu. Asubuhi atajua bila kuambiwa.

Niandikie baada ya Jumamosi. Sitakuuliza kama alishinda. Nitakuuliza ulikaa upande gani wa jukwaa, na kama alikuona.

Wako,
Shangazi